Mti wa Kupumzisha Macho

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mdomo huu! Laiti ungekuwa unang'oka kama meno ya bandia, ningeutia kwenye glasi ya maji nikaenda kazini bila wasiwasi.

Mambo yalikuwa hivi. Daktari, mwenye duka letu la miwani, alituita asubuhi kabla ya kufungua. Ana habari mbili. Ya kwanza: anafungua duka jipya upande wa pili wa mji, na msimamizi atatoka kati yetu wawili, yaani mimi fundi wa lenzi, au dada wa mapokezi. Huyu dada namwita Tabasamu, humu tu kwenye shajara. Anatabasamu muda wote. Hata akipiga chafya anatabasamu. Mtu wa namna hiyo humpi kisogo.

Habari ya pili: Daktari amesoma mahali kwamba macho yaliyochoka hupumzika yakitazama kitu kidogo cha kijani. Ameshaweka meza ya duara katikati ya chumba cha kusubiria. Juu yake anataka bonsai. Akatueleza: ni mti kamili, una shina, una matawi, ila umedumazwa chunguni mpaka unabebeka kwa mkono mmoja. Je, kuna anayejua unapatikana wapi?

Tabasamu akafungua mdomo. Nikauona usimamizi unaniponyoka. Nikamwahi. Nikasema mimi mwenyewe ninaikuza. Nyumbani. Tena ninatumia mimea ya jikoni, ile ya viungo.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri. Kumbe mimi ni mtu wa subira! Nikasema subira nimezaliwa nayo. Basi nimletee mti mmoja wiki hii.

Sina bonsai. Sijawahi kuwa na bonsai. Nina mke mwenye rozimari dirishani jikoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeikagua rozimari wakati mke wangu anaoga. Shina nene kama kidole gumba, gome limepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Mti huu! Umekosa kudumaa tu.

Tatizo: si wangu. Tatizo la pili: mke wangu alipewa na mama yake siku tulipooana, kikiwa kitawi kilichovunjwa kwenye ua wa rozimari uliozunguka nyumba yao. Tatizo la tatu, ambalo ndilo lililoninyima hamu ya chai: ule ua haupo tena. Nyumba iliuzwa, mnunuzi akang'oa kila kitu akajenga ukuta. Iliyobaki duniani ni hii ya dirishani kwetu. Mke wangu akikata kijiti cha kutia kwenye viazi, anaiomba radhi kwanza. Nimemsikia.

Na mama mkwe anakuja mwezi huu huu.

Nimeamua. Sitaiharibu, nitaiazima tu. Nitaipunguza kidogo, nitang'ara nayo kazini mpaka nipewe usimamizi, halafu nitairudisha ikiwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Mke wangu atanishukuru.

Wino umekatika nilipoandika sentensi hiyo ya mwisho. Labda ni kalamu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Imefanyika.

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba nimeona vidudu kwenye majani na ninaipeleka rozimari kwa mtaalamu. Akauliza mtaalamu gani. Nikasema wa mimea. Akanitazama. Ieleweke kwamba mke wangu ni mkunga. Anajua sauti ya mwenye uchungu wa kweli na ya anayeigiza. Nikakohoa, nikatoka na rozimari ndani ya mfuko wa nguo chafu.

Nimeifanyia kazi wakati wa chakula cha mchana, kwenye chumba changu cha lenzi. Nilikuwa nimetazama video. Nikakata juu. Nikavipinda vitawi kwa waya laini wa fremu, nikavibana kwa uzi wa nailoni, ule tunaoshikizia lenzi za miwani ya nusu fremu. Hapo mkono wangu ulikuwa wa bingwa kabisa.

Kisha mizizi. Mtu wa kwenye video alisema ipunguzwe kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Sahani yangu ni ile ya udongo ya kuokea, nimeitoa nyuma ya kabati la jikoni kwetu, haina kina hata cha kuficha yai. Nikakata mpaka ikaenea. Lundo la mizizi lilikuwa kubwa kuliko mti.

Sahani nayo ilihitaji matundu ya kutolea maji. Mashine ya kutobolea lenzi ilikuwa hapo hapo, imekaa bure. Tundu la kwanza, safi. La pili, moshi. La tatu, mlio ambao sitaueleza.

Tabasamu aliingia nikiwa nafagia. Akaomba vitawi nilivyokata. Nikamwambia takataka ni takataka, achukue. Akavitia kwenye kikombe cha plastiki akatoka anatabasamu. Anakusanya ushahidi!

Lakini mti! Umelala upande kama unaopigwa na upepo wa mlimani. Nilikaribia kutoa machozi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi. Daktari aliuzunguka mti mara kadhaa mikono ikiwa nyuma. Sasa ananiita Bwana Mti. Wateja wanauinamia, wananusa, wanavuta pumzi. Tabasamu alisema ni mzuri sana, akauliza kama hauumii. Husuda hiyo.

Dosari moja. Kuna mama mmoja mwenye kikapu, hupitia dukani kila siku kukazwa miwani yake. Leo amechuma kijiti akakitia kikapuni. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba ule ni mti wa maonyesho. Akasema ndiyo, na kuku wake pia leo atakuwa wa maonyesho.

Nyumbani mke wangu akauliza hali ya mgonjwa. Nikasema amepumzika. Akauliza ataruhusiwa lini. Nikasema bado yuko chini ya uangalizi. Akauliza kama anaweza kwenda kumwona. Nikapaliwa na maji.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku mbaya. Lenzi ya mwalimu mstaafu imepasuka mikononi mwangu. Nilikuwa naitoboa, na ncha ya mashine, baada ya kukutana na ile sahani, imekuwa butu kama kijiko. Nikaiweka lenzi nyingine, nayo ikapasuka. Nikampigia mwalimu nikamwambia lenzi zake zimechelewa njiani.

Halafu Tabasamu akaja na trei ya mashine. Ndani mna unga mwekundu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, siku hizi kuna lenzi za udongo? Nikacheka. Nikacheka mno. Yeye alishanyamaza, mimi bado nacheka.

Sasa nikisikia viatu vyake kwenye korido, nawasha mashine hata kama sina lenzi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Majani yanadondoka.

Nimeligusa tawi moja tu, yakamwagika kama mchele. Nikayaokota haraka nikayatia mfukoni. Jambo la kwanza mgonjwa anapozidiwa ni maji, nikampa maji. Baadaye nikagundua sahani tayari ilikuwa inaogelea. Kumbe Daktari kila akimaliza kunywa humwagia mti maji yaliyobaki kwenye glasi. Tabasamu naye huumwagilia asubuhi, anasema anauonea huruma. Na mimi kila nikipata wasiwasi humwagilia, na wasiwasi sijawahi kuukosa.

Nikaandika kibao: TAFADHALI USIMWAGILIE MAJI. Mteja wa kwanza kukaa pale alikuwa ametiwa yale matone ya kupanua mboni, haoni hata kiganja chake. Akaniuliza kibao kinasemaje, na kabla sijamjibu akasema anajua, ni kuomba tuukumbuke mti. Akaumwagia chupa nzima. Kibao cha kusoma kwenye duka la vipofu wa muda! Nani mwingine angewaza hivyo isipokuwa mimi?

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimesoma. Heri nisingesoma.

Rozimari haipendi kulowa miguu. Rozimari haikatwi juu na chini siku moja. Na rozimari hufa kimyakimya: roho imeshatoka, majani bado ya kijani, unakaa unaisifia maiti. Maana yake pengine mti ulikuwa umeshakufa siku ile naitwa Bwana Mti.

Nimekwaruza gome kwa ukucha. Ndani ni kahawia, kavu kama kijiti cha kuwashia jiko.

Jioni mke wangu alikuja na furaha. Mama anafika Alhamisi. Ameomba jambo moja tu, kitanda chake kiwekwe karibu na jikoni apate kuamka na harufu ya kwao. Mke wangu akanishika bega, akasema mama tangu ule ua ung'olewe hajawa sawa. Akasema basi, mgonjwa arudi nyumbani hata kama hajapona vizuri.

Nikasema nitaongea na mtaalamu. Nikaenda bafuni nikafungua bomba nikaketi ukingoni mwa beseni. Jasho jembamba. Maji yamezidi unga.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo nimemficha marehemu stoo, nikaweka mrehani badala yake. Nilikuwa nimeufunga waya vizuri tu. Una shina laini, ndiyo, lakini kutoka mbali nani angejua? Kabla ya adhuhuri umeinama wote, kichwa chini, kama mtu aliyesikia habari za msiba. Daktari akauliza mti umefanyaje. Nikasema ni mtindo. Mtindo gani? Mtindo wa unyenyekevu. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaenda kuwaeleza wateja.

Mchana nikajaribu nanaa. Nanaa haina adabu. Ukiielekeza huku inaota kule. Nimeifunga kwenye kijiti, nikarudi nikaikuta imejilaza mezani kama mlevi.

Ndipo akili ikanijia. Sokoni wanauza rozimari mbichi, mafungu mafungu. Shina la marehemu bado ni zuri, tena likifa ndiyo linafanana na la kale zaidi. Vijiti vibichi, shina kavu, uzi wa nailoni, tone la gundi ya lenzi chini ya taa ya kukaushia. Hata mimi niliyeufunga sikuona palipofungwa!

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mti haujawahi kupendeza hivi. Daktari ameupiga picha. Anasema ajabu, unakua kwa kasi. Jumamosi atamtangaza msimamizi.

Lakini ni kazi! Vijiti vinanyauka kila siku, inabidi niwahi kabla ya wote, ning'oe vya jana, nifunge vya leo. Muuza mboga ameniuliza mgahawa wangu uko mtaa gani. Mama mwenye kikapu amechuma kijiti, kikatoka na uzi. Aliutazama uzi. Akanitazama mimi. Akautia uzi kikapuni pamoja na kijiti, akaenda zake. Siku nzima nimejiuliza ule utazamaji ulimaanisha nini.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mama mkwe amefika.

Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda, kazi inanichosha. Kisha hata mtandio hajavua, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni. Akapapasa. Palikuwa na duara tu la vumbi pale chungu kilipokuwa kinakaa.

Mke wangu akasema iko hospitali. Mama mkwe akauliza hospitali gani inayolaza mimea. Wote wawili wakanigeukia.

Nikasema Jumatatu inarudi. Mama mkwe akashusha pumzi, akasema vizuri, maana siku hizi macho yake yamekwisha, asingeweza hata kuiona, angeinusa tu. Akaketi pale dirishani. Akaanza kulifuta lile duara la vumbi kwa ncha ya mtandio, taratibu, mpaka likatoka.

Chakula kilinishinda.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Nimenunua rozimari nyingine kwenye bustani ya miche. Mbichi mno, shina kama la kitoto. Nimeipaka dawa ya viatu, ya kahawia, ionekane ya siku nyingi. Ukiitazama kwa jicho moja, inakubalika. Nimeificha kazini kwenye kabati la fremu. Jumatatu nitaingia nayo nyumbani nikisema mgonjwa amepona ila amekonda.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo mke wangu akatangaza kwamba kesho anamleta mama yake kupimwa macho. Wapi? Kwetu, kwani kuna duka jingine ambalo mumewe ni fundi?

Nikasema haraka haraka kwamba macho ya mama hayana tatizo, ni uchovu wa safari. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa anapita ukumbini akilitakia usiku mwema koti langu lililotundikwa ukutani.

Mke wangu alinyanyua nyusi tu.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kwa sababu ndani bado sijui nikae wapi.

Asubuhi niliupeleka mti stoo. Daktari akaurudisha. Nikaupeleka tena, nikasema unahitaji giza. Akaurudisha, akasema leo ndiyo siku yake, nami nikajiongezea: na yangu pia. Akanikonyeza.

Wakaja. Tabasamu akampokea mama mkwe, akamtia matone, akamkalisha. Pa kumkalisha palikuwa kiti kimoja tu, kile cha karibu na meza ya duara. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha lenzi, nimeshika bisibisi kama silaha.

Mama mkwe alitulia. Kisha akainua pua.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "hapa kuna harufu ya kwetu."

Mke wangu akautazama mti. Akaitazama sahani. Ni ya kwake ile sahani, aliitafuta wiki nzima. Akaligeukia pazia, na nadhani aliona viatu vyangu.

Mama mkwe alishanyoosha mkono. Akalipata shina, akalipapasa kwa vidole, akapanda nalo mpaka kwenye tawi. Tawi likamtoka mkononi. Akashtuka, akajaribu kulirudisha, likatoka la pili.

"Mbona lina uzi?"

La tatu likadondoka lenyewe. Wateja hawakuona kitu, walikuwa na matone, lakini walisikia kwamba kuna jambo. Daktari akatoka chumba cha kupimia na tochi yake mkononi.

Nikajitokeza. Nikasema ni msimu wa kupukutisha.

"Mficha uchi hazai," mke wangu akasema. Sauti ile ya kazini kwake, ambayo watu hata wakitaka kubisha hawawezi. "Sema."

Nikasema. Yote. Vidudu, mfuko wa nguo chafu, mizizi, mrehani, gundi. Nikiwa nimeshafunguka sikuweza kufunga: nikasema na mashine, na sahani, na lenzi za mwalimu, na mche uliopakwa dawa ya viatu ambao hakuna aliyeuliza habari zake.

Mama mkwe alikaa na kile kijiti kifuani.

"Ule ua tuliupanda na baba yenu," akasema. "Tukigombana, yeye anakaa upande wa nje, mimi upande wa ndani. Hatutaki kuonana sura. Tunaongelea majanini mpaka hasira inaisha."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitamani sana yawe ni ya yale matone.

Nilitaka kumshika mkono, nikaona mkono wangu una gundi.

Ndipo Tabasamu akasema. Hakuwa anatabasamu. Nadhani ni mara ya kwanza nimeona midomo yake imetulia, na kumbe ana sura ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka.

"Mama, vile vitawi alivyokata siku ya kwanza ninavyo mimi. Nilivichomeka kwenye mchanga dirishani kwangu, nilipenda harufu yake. Vingine vimekufa. Lakini vingine vimesimama, na kimoja kimechomoza ncha mpya."

Mama mkwe akanyoosha mkono hewani kuutafuta wa Tabasamu. Akaupata, akaukamata, hakuuachia mpaka alipoitwa kupimwa.

Baadaye Daktari aliniita pembeni. Alisema Tabasamu ndiye msimamizi, na alikuwa ameshaamua tangu Jumanne, pale mwalimu mstaafu alipompigia simu kumshukuru yule dada aliyemweleza ukweli kuhusu lenzi zake. Mti haukuhusika kabisa. Akasema mimi ni fundi mzuri sana nikiwa na lenzi. Akarudia: nikiwa na lenzi.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mke wangu anazungumza nami kupitia kwa mama yake. Mwambie chai iko mezani. Mwambie asiguse dirisha.

Mchana Tabasamu amekuja na vikombe vyake vya plastiki. Mama mkwe akaviweka mapajani kimoja kimoja, anavinusa, anavigusa kwa ncha ya kidole kama anayepima homa ya mtoto. Wakaongea habari za mchanga saa nzima. Mimi nilitumwa kuchota maji. Machache, wakaniambia wote wawili kwa pamoja.

Halafu mama mkwe akaomba aletewe na ule mche mwingine, niliokuja nao jana kutoka kazini. Akausugua shina, akanusa kidole.

"Huu mti umeuvisha viatu?"

Nikasema ndiyo mama. Akaanza kucheka, mabega yanamtikisika. Akasema marehemu mumewe alimwambia baba mkwe wake kwamba anajua kuogelea, ili apewe mke. Siku ya kuvuka mto alibebwa mgongoni na bibi harusi. Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, akijikaza. Akashindwa. Alipocheka nilihisi mtu amenitua gunia.

Akaniambia, moja kwa moja bila mjumbe, niende nikaoshe ile sahani.

Bado sielewi kitu kimoja. Kwa nini Tabasamu alivitunza vile vitawi? Mtu hatunzi takataka za mshindani wake bila shabaha. Huyu dada ana mipango mirefu.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Miwani ya mama mkwe tayari. Nimeikata mwenyewe, kwa ncha mpya, bila hata mkwaruzo. Alipoivaa alinitazama muda mrefu akasema kumbe sijakonda hata kidogo.

Daktari amenihamishia duka jipya. Nitakuwa fundi pale, chini ya Tabasamu. Ameniomba, huku anatabasamu, nisilete mimea.

Nimeapa. Nimeapa mbele ya mke wangu, mkono juu, kwamba sitasema tena ninajua kitu nisichokijua. Alisema neno kwa neno, nami nikalirudia. Usingizi wa jana usiku ulikuwa mtamu. Nimekuwa mtu mwingine. Mtu asiye na cha kuficha ni mwepesi, anatembea kama hana mifupa.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Shemeji amekuja kumchukua mama. Kaka yake mke wangu, yule mwenye gari kubwa na sauti kubwa kuliko gari. Amejenga. Chakula kizima tulikula nyumba yake: vyumba vyake, vigae vyake, madirisha yake. Mama mkwe atakaa huko, na vikombe viwili vya rozimari vimefungwa vizuri kwenye kiti cha nyuma. Vingine vimebaki dirishani kwetu, siruhusiwi kuvikaribia.

Nilikaa kimya. Nilikula. Kila nilipotaka kuchangia nilitia wali mdomoni. Mke wangu aliniona, akanipigapiga mkono chini ya meza. Ana fahari nami!

Kisha shemeji akasema kilichobaki ni ua wa mbele tu. Hataki ukuta. Anataka majani, yakatwe umbo la mnyama pale getini, wageni wakifika washangae. Lakini mafundi wa kazi hiyo hawapatikani. Akanigeukia, akacheka, akasema bila shaka mimi na miwani yangu simjui hata mmoja.

Wali ulikuwa umekwisha.

Nilisikia sauti inasema kwamba kukata majani maumbo ya wanyama ni jambo dogo kabisa, wala hakuna haja ya kutafuta mbali. Ilikuwa sauti yangu. Mke wangu aliuondoa mkono wake. Shemeji akaegemea kiti, akaniuliza kama kweli naweza kumtolea farasi.

Nikafuta mdomo, nikamuuliza farasi amesimama au anakimbia.